Kupaka Rangi na Kuchakaza Modeli ya Kifaru cha Sherman kwa Udongo wa Dodoma

Modeli ya kifaru iliyopakwa rangi safi, hata ikiwa imepakwa kwa ustadi, huonekana kana kwamba imetoka kiwandani leo asubuhi na haijawahi kukanyaga ardhi. Kazi ya kuifanya ionekane imetumika huitwa kuchakaza, na katika kazi hiyo ndimo modeli nyingi huharibikia, kwa sababu mpakaji hutupa kutu, matope na mikwaruzo kila mahali bila kujiuliza vimetoka wapi. Mwongozo huu unafuata kanuni moja, kwamba kila doa liwe na chanzo chake. Ukishajua kifaru kilipita kwenye udongo gani, katika majira gani, na askari wake walikuwa wakikipanda kutokea upande upi, sehemu kubwa ya maamuzi inakuwa imekwisha kufanyika kabla hujafungua kopo la rangi.

Mfano nitakaoutumia ni M4 Sherman wa Marekani katika kipimo cha 1:35. Kifaru chenyewe kilikuwa na urefu wa karibu mita 5.8, kwa hiyo modeli yake ni ya sentimita 17 hivi, ukubwa unaotosha kuonyesha madoido na kukaa mezani bila shida. Nimeuchagua kwa sababu ni miongoni mwa modeli zinazopatikana kwa wingi zaidi, na pia kwa sababu una uhusiano na mkoa wetu ambao wengi hawaufahamu. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga huko Kongwa mwaka 1947, miongoni mwa mashine zilizokusudiwa kufyeka vichaka vya huko yalikuwamo matrekta yaliyoitwa Shervick, ambayo kampuni ya Vickers-Armstrongs iliyaunda kwa kutumia sehemu za vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mradi uliachwa mwaka 1951, na mojawapo ya mambo yaliyoushinda ni udongo wenyewe, ambao wakati wa kiangazi hukauka na kushikamana kiasi cha kutolimika kwa urahisi, huku chembe zake kali zikilila jembe la trekta hadi likaisha. Kwa anayechakaza modeli, habari hiyo ni somo kamili: udongo wa nchi kavu hukisugua chuma kikang'aa muda mrefu kabla kutu haijapata nafasi ya kukishika.

Udongo kwanza, rangi baadaye

Amua mahali kabla ya jambo lolote lingine. Sherman uliopigana El Alamein mnamo Oktoba 1942 ulipakwa vumbi jeupe jeupe la jangwani. Ule uliokuwa Tunisia mwanzoni mwa mwaka 1943 ulipita kwenye vumbi wakati wa ukame na kwenye tope zito wakati wa mvua. Na ule ulioteremshwa Normandy mwezi Juni 1944 ulipita kwenye mashamba yenye udongo wa kahawia na majani mabichi. Udongo wetu mwekundu wa Dodoma unapendeza mno machoni, lakini haufai kwa kila kifaru. Ukiumwaga kwenye gari la Normandy, anayejua ataona mara moja kwamba kuna jambo haliendi. Udongo huo mwekundu unafaa zaidi ukiwa unatengeneza gari la kubuni lililotumika huku kwetu, au trekta la Kongwa lenyewe kwa yule mwenye subira ya kuunda upya bodi ya modeli.

Jambo la kushukuru ni kwamba wilaya zetu zina udongo wa aina mbalimbali kwa umbali mfupi. Kwenye miinuko na mashamba mengi utapata kichanga chekundu au cha rangi ya kutu. Kwenye mabonde, kule ambako mvua ya Desemba hadi Aprili hutuama, utapata udongo wa mbuga, wa kijivu unaokaribia weusi, ambao unafaa sana kwa matope ya Ulaya ukichanganywa na kahawia kidogo. Kwa vumbi la jangwani, chukua kichanga chepesi cha kwenye korongo kavu, kisage, kisha ukipunguze rangi kwa unga wa chaki za shule. Hakikisha tu kwamba hukuchukua udongo kutoka mahali penye magadi au chumvi, kwa kuwa chumvi hufyonza unyevu na baada ya miezi kadhaa hutoa ukungu mweupe juu ya rangi.

Udongo huo hautumiki jinsi ulivyookotwa. Kaanga kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo ili unyevu, wadudu na mizizi viishe, usage kwenye kinu kidogo ambacho hakitatumika tena kwa chakula, kisha uuchekeche kupitia soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya mdomo wa kopo, ukiwa umevaa barakoa, maana vumbi laini kiasi hicho halifai kuingia mapafuni. Sababu ya kuchekecha ni hesabu rahisi. Katika kipimo cha 1:35, chembe ya nusu milimita ni sawa na kokoto ya karibu sentimita 1.8 kwenye gari halisi. Kikombe kimoja cha mchanga usiochekechwa kikimwagwa juu ya bodi hugeuka kuwa lundo la kokoto ambalo hakuna gari lililowahi kulibeba. Hifadhi kila aina kwenye kichupa chake na uandike mahali ulikoutoa.

Hatua ya mwisho ya maandalizi ni kutazama. Magari ya jeshi na maeneo ya jeshi usiyapige picha, kwani sheria hairuhusu na hakuna picha inayostahili usumbufu huo. Huna haja nayo, kwa sababu Dodoma imejaa mashine za minyororo. Ujenzi wa Mji wa Serikali Mtumba, barabara ya mzunguko wa nje na uwanja wa ndege wa Msalato umeleta katapila na vijiko vya kila umri, na yeyote anaweza kusimama pembeni ya barabara, mbali na eneo la kazi, akaangalia. Utaona kwamba vumbi hujaa kwenye pembe za ndani na kwenye sehemu bapa, lakini huwa limefutika pale dereva anapokanyaga na kushika. Utaona kwamba minyororo imeng'aa upande unaogusa ardhi na imekuwa ya kahawia iliyofifia upande mwingine. Utaona pia kwamba rangi ya mashine yote imepauka juu kwa jua kuliko chini. Mambo hayo matatu peke yake yanatosha kuzidi nusu ya picha utakazozitafuta mtandaoni.

Vifaa vinavyopatikana bila kuagiza mbali

Modeli yenyewe na stika zake huenda zikalazimika kuagizwa, lakini vifaa vingi vya rangi vipo mjini. Maduka ya rangi za magari huuza praima ya kijivu ya kopo la kupuliza, msasa wa namba 600 na 1000, tepu ya karatasi na tapentaini ya madini. Maduka ya vifaa vya shule na sanaa huuza akriliki za tyubu, rangi za mafuta za wasanii, brashi laini na penseli za 6B. Saluni hutoa spree ya nywele, ambayo nitaieleza mbele. Sponji ya kuoshea vyombo, vijiti vya meno na sahani nyeupe vinatoka jikoni.

Kuhusu viyeyusho, uwe mwangalifu kupita kiasi. Thina ya magari huyeyusha plastiki ya modeli. Ukiipaka moja kwa moja kwa brashi, madoido yote yatageuka ute. Mafuta ya taa hayayeyushi plastiki kwa haraka namna hiyo, lakini hukauka polepole na kuacha utando wa mafuta ambao rangi inayofuata haiushiki, kwa hiyo usiyatumie badala ya tapentaini ya madini. Chochote kigeni kijaribu kwanza kwenye fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipande. Na kazi ya viyeyusho na makopo ya kupuliza ifanyike mahali penye hewa inayopita, mbali na jiko la mkaa, ukiwa na barakoa yenye vichujio vya mvuke. Kitambaa cha kawaida huzuia vumbi tu na hakizuii mvuke.

Praima na rangi ya msingi

Osha modeli kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kiwandani na ya vidole. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi na yakikauka huacha madoa meupe, hivyo msuuzo wa mwisho ufanye kwa maji ya kunywa ya chupa. Minyororo na magurudumu ni bora yapakwe yakiwa bado hayajabandikwa, ila kama muundo wa modeli haukuruhusu usihangaike sana, kwa sababu vumbi litaficha mengi.

Puliza praima alfajiri. Katika miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma huamka kadiri jua linavyopanda, na vumbi linalotua kwenye rangi mbichi halitoki bila msasa. Nyunyiza maji sakafuni, funga dirisha la upande wa upepo, puliza kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25 kwa mapito mepesi yanayoanza nje ya modeli na kuishia nje yake, kisha ifunike kwa beseni lililopinduliwa huku ukiliinua kidogo upande mmoja kwa kijiti ili mvuke utoke. Mapito matatu mepesi ni bora kuliko moja zito, kwa kuwa zito hujaza mistari ya viungo na kufuta ribiti, yaani vichwa vya misumari inayounganisha mabamba.

Rangi ya Sherman ilikuwa kijani cha mzeituni ambacho Wamarekani walikiita Olive Drab, na hapa kuna habari njema kwa asiye na duka la modeli karibu. Licha ya kuitwa kijani, rangi hiyo kwa asili ilichanganywa kwa manjano ya oka, yaani manjano ya udongo, na nyeusi. Chukua akriliki ya manjano ya oka, ongeza nyeusi kidogo kidogo, na utashangaa kuona kijani kikijitokeza bila tone la kijani. Ikielekea mno kwenye kijivu, ongeza oka. Ikiwa mbichi mno, tone la kahawia huituliza. Changanya nyingi ya kutosha kazi nzima na uihifadhi kwenye chupa, kwani kuipata tena rangi ileile siku ya pili ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Modeli ndogo ikipakwa rangi halisi ya gari huonekana nyeusi kuliko gari lenyewe, kwa hiyo punguza ukali kwa kuongeza rangi ya mchanga, wala usiongeze nyeupe tupu, ambayo huifanya ionekane ya chokaa. Mwenye eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) na kompresa apulize kwa shinikizo la baa 1 hadi 1.4, akianza na rangi iliyokolea kwenye mianya na sehemu za chini, kisha rangi ya kawaida, na mwisho rangi iliyopaushwa katikati ya mabamba na sehemu zinazotazama jua. Hewa kavu ya huku huifanya akriliki ikauke kwenye ncha ya sindano kabla haijafika kwenye modeli. Ongeza matone ya kiyeyusho kinachochelewesha kukauka na ufute ncha kila baada ya dakika chache. Asiye na eabrashi asijione ameachwa nyuma. Brashi bapa laini, rangi iliyozimuliwa hadi ilegee, na tabaka tatu au nne zinazosubiriana kukauka hutoa uso mzuri tu, na tofauti ndogo za brashi baadaye zitasaidia kuonyesha chuma kilichopauka. Weka rangi yako kwenye sahani yenye sponji iliyoloweshwa na karatasi ya kuokea juu yake, la sivyo itakauka ukiwa unachovya.

Vipini vya mbao vya sepetu na shoka vilivyofungwa kwenye bodi vipakwe rangi ya mchanga, kisha kahawia iliyozimuliwa. Mbao iliyokaa juani hupauka kuelekea kijivu, hivyo usiiache ya machungwa. Mipira ya kuzunguka magurudumu ipake kijivu kilichokolea, kwani nyeusi tupu haipo katika mpira uliotumika.

Baada ya hapo paka vanishi inayong'aa mahali zitakapokaa stika. Juu ya uso mkavu usiong'aa, stika ya nyota nyeupe hunasa hewa chini yake na ukingo wake huonekana kama plastiki iliyobandikwa. Ikishakaa na kukauka, funika kwa vanishi tena ili isiharibiwe na tapentaini.

Kuchakaza

Anza na mianya. Rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea, ikizimuliwa kwa tapentaini ya madini hadi iwe nyembamba sana, huguswa kwa ncha ya brashi kando ya ribiti na kwenye viungo vya mabamba, nayo hukimbia yenyewe kufuata mstari. Usiipake juu ya modeli nzima. Mtindo huo wa kuogesha gari zima hulifanya liwe chafu kwa usawa, na hakuna kitu kinachochafuka kwa usawa. Iliyozidi ifutwe baada ya robo saa kwa brashi yenye unyevu wa tapentaini, ukifuta kutoka juu kwenda chini.

Rangi hizohizo za mafuta ndizo zinazotoa mabadiliko ya rangi kwenye mabamba makubwa. Kamulia kiasi kidogo cha nyeupe, oka, kahawia na bluu kwenye kipande cha boksi kwa saa kadhaa ili karatasi inyonye mafuta ya kitani, kwani bila hivyo rangi itachelewa kukauka na itang'aa. Weka vidoti vidogo vya rangi hizo kwenye bamba moja, kisha kwa brashi bapa iliyoloweshwa na kukaushwa karibu kabisa, vivute kuelekea chini hadi vipotee vikibakiza kivuli tu. Kwenye sehemu bapa za juu, vizungushe badala ya kuvivuta. Fanya bamba baada ya bamba, wala usikimbilie gari zima. Kati ya hatua zote, hii ndiyo inayostahili muda mwingi zaidi, nayo ndiyo ambayo wengi huiruka kwa sababu matokeo yake hayaonekani ukiyaangalia moja moja.

Mikwaruzo ndiyo kishawishi kikubwa. Kumbuka tena hesabu: mkwaruzo wa upana wa milimita moja ni jeraha la sentimita 3.5 kwenye gari halisi. Chovya kipande cha sponji kwenye kahawia iliyokaribia nyeusi, kigongegonge kwenye karatasi mpaka kikaribie kuisha rangi, kisha gusa kingo za vifuniko, mahali pa kukanyaga askari watano waliopanda na kushuka kila siku, ncha za mbele za bodi na meno ya gurudumu linalovuta mnyororo. Chuma cha deraya kilichobanduka rangi hugeuka kahawia haraka; rangi ya fedha isipakwe humo. Mng'ao wa chuma hubaki pale tu panaposuguliwa bila kupumzika. Upande wa mnara, yaani sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga, ambao hakuna aliyeukanyaga wala kuugonga hauna sababu ya kubanduka, basi uache.

Kwa kubanduka kwa eneo kubwa kuna njia ya spree ya nywele. Askari wa Kimarekani huko Tunisia walikuwa wakipaka tope la mahali hapo juu ya kijani cha vifaru vyao ili kuvificha, na tope hilo lilibanduka vipande vipande. Kuiga hali hiyo, linda kijani kwa vanishi, puliza spree ya nywele mapito mawili, subiri ikauke, kisha paka akriliki ya rangi ya tope. Baada ya nusu saa hivi, lowesha uso kwa brashi yenye maji na usugue taratibu kwa kijiti cha meno; spree iliyo chini itayeyuka na tope kuanza kubanduka kwa maumbo ambayo mkono hauwezi kuyachora. Katika ukavu wetu usiiache hadi kesho yake, maana akriliki itakuwa imekomaa na haitabanduka.

Kutu iwe kidogo. Vifaru vingi vya vita havikuishi muda wa kutosha kuoza, na deraya nene haitoboki kama bodi ya gari la zamani. Bomba la moshi, kwa kuwa linapata joto na kuunguza rangi yake, ndilo mahali halali pa kutu: paka kahawia ya machungwa iliyogongwa kwa sponji kwa toni mbili tatu, kisha sugua unga mweusi wa mkaa kidogo mdomoni.

Minyororo inahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu Sherman wengi walivaa minyororo yenye vibamba vya mpira, kwa mfano ile ya T48, na wengine ya chuma, kwa mfano T54E1. Mtu akipaka kutu juu ya kibamba cha mpira atakuwa amefanya kisichowezekana. Kwa ya mpira, paka kijivu kilichokolea chenye kahawia, na uache chuma kionekane kwenye viunganishi vya pembeni na meno ya katikati tu. Kwa ya chuma, paka kahawia iliyokolea yote, halafu saga risasi ya penseli ya 6B na uisugue kwa kidole kwenye sehemu zinazogusa ardhi na pale magurudumu yanapopita. Mng'ao wa penseli ni wa chuma hasa na unazidi ule wa rangi ya fedha ya kopo. Ikiwa umechagua kichanga cha huku, ongeza mng'ao huo, kwa sababu iliyotajwa ya Kongwa. Ikiwa umechagua tope la mbuga, upunguze, kwani tope zito hufunika na kulinda.

Vumbi na matope

Sasa puliza vanishi isiyong'aa juu ya yote, kwa kuwa baada ya vumbi hutaweza tena. Vanishi ikipita juu ya vumbi hulilowesha, na vumbi lililolowa hupotea machoni kabisa.

Chukua udongo wako uliochekechwa kwa brashi kavu na uudondoshe kwenye pembe, kuzunguka vifuniko, na juu ya mabawa yaliyo juu ya minyororo. Gusa pembeni kwa brashi iliyojaa tapentaini, ukiiacha itiririke yenyewe chini ya unga bila kuusogeza. Vumbi litakuwa jeusi na utadhani umeliharibu. Liache likauke ndipo uhukumu, maana rangi yake halisi hurudi baadaye, na mara nyingi ni nyepesi kuliko ulivyokusudia. Tapentaini peke yake hushika kwa wastani. Unapotaka vumbi lishike zaidi, ongeza matone machache ya vanishi ya enameli isiyong'aa. Gundi ya mbao hushika sana lakini huacha utando unaong'aa, kwa hiyo ibaki kwenye matope. Tumia toni zisizopungua mbili, ya zamani iliyopauka juu na mpya iliyokolea chini na nyuma, kule minyororo inakorusha. Kisha futa kwa kidole kikavu pale ambapo askari hukaa na kushika. Alama za nyayo, ukiziweka mbili tatu karibu na kifuniko cha dereva, hueleza zaidi ya vijiko vitatu vya udongo.

Gari la kiangazi linaishia hapo. La mvua linahitaji matope: changanya udongo, gundi ya mbao iliyozimuliwa, na plasta kidogo hadi iwe uji mzito, kisha ubandike ndani ya magurudumu, nyuma ya mabawa ya matope na kati ya vibamba vya minyororo. Kwa matone yaliyorushwa, chovya brashi ngumu kwenye uji mwepesi na uiteleze kwenye kijiti ili irushe, ukiwa umefunika mnara kwa karatasi, kwani matope hayarukii huko kirahisi. Unene wa milimita mbili ni sentimita saba za tope. Kwa udongo wa mbuga, ambao hushika mnyororo na kujaza kila mwanya, kiasi hicho ni cha kweli. Kwa kichanga chekundu, ambacho humwagika kikikauka, kipunguze. Tope bichi la chini liguswe vanishi inayong'aa hapa na pale, na tope la juu lililokauka liachwe bila mng'ao, wala yote mawili yasiwe na rangi moja.

Mafuta yanakuja mwisho. Sherman wa matoleo ya M4 na M4A1 walitumia petroli, ambayo huvukiza na kuacha duara hafifu tu kuzunguka kifuniko cha tangi. M4A2 ilitumia dizeli, ambayo hubaki na kukusanya vumbi hadi likawa jeusi. Kahawia iliyokolea ya mafuta iliyochanganywa na vanishi inayong'aa, kwa matone madogo kwenye sitaha ya injini na katikati ya magurudumu, inatosha. Ukizidisha, kifaru kitaonekana kina injini mbovu.

Kazi ikikauka siku kadhaa, iwekwe ndani ya boksi la kioo lililozibwa vizuri. Vumbi halisi la Dodoma litaingia katika kila nyumba yenye dirisha, na kwa kuwa halikuchekechwa wala kupangwa, litafunika kwa wiki chache kila tofauti ya toni uliyoitengeneza. Likishaingia, lipeperushe kwa pampu ndogo ya mpira ya kupulizia lenzi za kamera, kwa umbali, ukielekeza hewa kutoka mbele kwenda nyuma. Usitumie brashi, kwa sababu brashi haiwezi kutofautisha vumbi lililojileta lenyewe na lile ulilolipanga.